Nani Alimtoa Babu Ganze

Skripti ya Nelly ilirudishwa kwa mara ya tatu ikiwa na duara moja la wino mwekundu, na ndani ya duara neno moja tu: "Nani?"

Alitarajia pongezi. Tusifichane, Nelly Kahindi alikuwa na kiburi chake, kile cha mtu aliyesifiwa insha tangu darasa la nne, na kichwani alikuwa amekwisha kujiona amesimama kando ya kitambaa cheupe cha filamu, watu wakimpigia makofi. Badala yake alikaa pale kwenye ukumbi wa mafunzo ya filamu, mtaani Barani, Malindi, feni ikizungusha joto lile lile, akimsikiliza Mwalimu Musyoka akiichambua hadithi ya babu yake mbele ya wanafunzi kumi na mmoja kama anayechambua mchele.

Musyoka alikuwa Mkamba aliyekulia Malindi, mtu wa sauti ndogo na macho makali, aliyeandikia vipindi vya televisheni Nairobi mpaka akachoka, akarudi pwani kufundisha. Kipaji hakukiamini, aliamini ufundi. Kwake yeye hadithi ya filamu ilikuwa nyumba, na nyumba ina nguzo. Kuna mtu anayetaka kitu kimoja. Kuna jambo linalomng'oa pale alipokaa. Kuna anayemzuia, na huyo naye awe na sababu ambayo mtazamaji ataielewa hata kama hapendi kuielewa. Halafu, katikati, mambo yapinduke, na kile ambacho mtazamaji alikishika tangu mwanzo kimtoke mkononi. Nelly alikuwa ameyaandika hayo yote kwenye daftari lake na kuyapigia mstari. Kuyatenda ndiko kulikomshinda.

"Mzee anataka kurudi kwao, hilo nimelielewa," alisema Musyoka. "Nyumba imechomwa, mke amekufa, nimeumia. Lakini nani amefanya? Umeandika kijiji. Kijiji hakina uso, Nelly. Hakuna mtu anayeweza kukichukia kijiji wala kukihurumia. Nitafutie mtu mmoja, yule aliyefungua mdomo wa kwanza."

Hadithi ile Nelly hakuibuni. Miaka minne nyuma babu yake, mzee Mangi, alikuwa akiishi ndani kabisa ya Ganze, kwenye boma aliloachiwa na baba yake, pamoja na mkewe Mbodze, ambaye wajukuu walimwita hawe, kama Wagiriama wanavyowaita bibi zao. Mwaka mmoja kabla ya hapo, Lewis, mdogo wake Nelly, alikuwa amekufa kwa malaria akiwa na miaka saba. Lewis alikuwa mtoto wa kiume wa kwanza nyumbani kwao, kwa hiyo kwa desturi jina lake la Kigiriama lilikuwa la babu: alikuwa Mangi, somo wa mzee. Akazikwa kule kule Ganze. Kisha ukaja ukame, na katikati ya ukame yakaja maneno. Ikasemwa kwamba mzee ni mchawi, kwamba amemchukua somo wake ili ajiongezee siku. Alhamisi moja asubuhi, mzee akiwa ametoka na mbuzi, vijana walifika na petroli. Hawe Mbodze alitoka nje salama, halafu akarudi ndani kuchukua kitu ambacho hadi leo hakuna anayekijua, na paa la makuti likamwangukia.

Aliyemwokoa mzee ni Kahindi, mwanawe mkubwa, baba yake Nelly. Kahindi ni fundi wa mifereji mjini Malindi, mtu wa kazi na kanisa, asiyejua kupiga kelele. Aliingia Ganze na gari la kukodi, akamkuta baba yake amefichwa kwa jamaa, akampakia na kumleta Barani. Tangu hapo mzee alilala chumba cha mbele. Alikuwa na miaka sabini na minane, miguu inamvimba, na hamu yake ilikuwa moja tu. Kila Jumapili alimwuliza mwanawe ni lini atarudishwa nyumbani. Alitaka kufa karibu na Mbodze, na kuzikwa pale alipozikwa baba yake, na si kwenye makaburi ya mji kama mpita njia. Kila Jumapili Kahindi alimjibu kwamba mambo yapoe kwanza.

Ndiyo maana Nelly alijiunga na mafunzo. Skripti moja ingechaguliwa, ipigwe picha, halafu filamu ionyeshwe kwenye viwanja vya shule vijijini, Ganze ikiwemo. Nelly aliamini kwa moyo wake wote kwamba wale watu wakimwona mzee kwenye kitambaa, wakaona jinsi anavyoamka asubuhi na kutazama ukuta, wataona haya, na watasema arudi. Yalikuwa yamebaki majuma mawili. Skripti isipokamilika, mzee atabaki Barani mpaka siku yake ifike.

Kuhusu yule wa kwanza kufungua mdomo, nyumbani kwao hawakuwa na shaka. Alikuwa Kaingu, mdogo wake Kahindi, aliyebaki kule bomani. Hakuna aliyekuwa na ushahidi, lakini kila walipojiuliza nani amebaki na shamba, macho yalikwenda kwake. Miaka minne Barani haikupokea simu zake. Basi Nelly akapiga moyo konde, akamwandika Kaingu, akambadilisha jina tu. Musyoka alisoma kurasa sita akaziweka chini.

"Huyu mtazamaji atamjua kabla hajakaa kitako," alisema. "Ana wivu, ana njaa ya shamba, hata anacheka vibaya. Umemwandika ukiwa na hasira. Sikiliza. Nani mwema kuliko wote katika hadithi yako?"

Nelly alicheka. Alisema ni yule mwana anayekuja na gari.

"Basi mpe yeye hilo kosa," alisema Musyoka, na kwenda kwa mwanafunzi mwingine.

Nelly alijiambia kwamba ni ufundi tu. Yule mwana kwenye karatasi aliitwa Kambi, hakuwa baba yake. Kambi angewanong'oneza watu matangani kwamba baba yake ni mchawi, ili mzee atoke na yeye auze shamba la barabarani. Hakumtaja mtoto aliyekufa, kwa sababu mama yake, Easter, alikuwa amekataza yale maneno ya somo yasitamkwe nyumbani mwake. Aliweka ng'ombe wa jirani badala yake. Na ajabu ni kwamba alipoandika hivyo, kila kilichokuwa kikilegea kikasimama. Kwa nini gari lilifika upesi vile. Kwa nini yule mwana alilia msibani kuliko wote. Kwa nini kila alipoulizwa juu ya kurudi alisema mambo yapoe. Nelly alifurahi kama mtu aliyepata funguo alizokuwa amezikalia. Hakuona lolote. Mtu anaweza kuandika ukweli kwa mkono wake mwenyewe, akausoma, akaurekebisha nukta na mkato, asiuone.

Musyoka alikuwa na sharti lake: kabla ya kuileta skripti, isome mbele ya watu wasiojua kazi hii, na usiangalie karatasi, angalia mikono yao. Basi Jumapili, baada ya kanisa na chakula, Nelly aliwakusanya wa nyumbani. Mama yake alikuwa barazani akimenya mihogo ya kukaanga jioni. Babu alikuwa kwenye kiti chake cha kamba, miguu juu ya kigoda. Baba yake, ambaye huimba sauti ya chini katika kwaya, alipewa sehemu ya Kambi aisome, naye akacheka kidogo, akavaa miwani.

Alisoma vizuri, tena vizuri mno. Babu alitikisa kichwa pale mzee wa kwenye hadithi anapoamka na kutazama ukuta, na Nelly akaona skripti inafanya kazi. Walipofika matangani, pale Kambi anapowavuta watu kando, baba yake alisoma mstari mmoja, akarudia ule ule, halafu akashusha karatasi magotini.

"Hakutaka shamba," alisema.

Nelly aliuliza nani.

"Huyu Kambi. Hapa umekosea. Hakufanya kwa ajili ya shamba."

Nelly akaona raha. Baba yake, mtu asiyemaliza hata taarifa ya habari bila kusinzia, anajadili mhusika. Alichukua kalamu haraka, kama alivyofundishwa, kwani Musyoka alisema msikilizaji akibisha usimbishie, muulize. Akamwuliza, basi alitaka nini?

"Alitaka mama yake aache kubeba maji," alisema Kahindi. Hakuwa akimtazama mtu. "Yeye yuko mjini anafungia watu mifereji, maji yanamwagika bustanini kwa watu wasioyahitaji. Mama yake anatembea mwendo wa saa mbili na mtungi kichwani, magoti yamekwisha. Akamwambia baba yake wahamie mjini, akakataa. Akamwambia tena. Mara nne alikataa."

Nelly aliandika: maji, magoti, mara nne. Moyoni alishangilia. Hii ndiyo ile sababu ambayo mtazamaji ataielewa hata kama hapendi. Akamwuliza, huku kalamu ikikimbia, Kambi aliwaambia nini hasa wale watu.

"Aliwaambia wawili tu. Na akawaomba wasimwambie mtu."

"Hiyo ni nzuri sana," alisema Nelly, akaandika. "Halafu?"

"Alilia kwanza. Ilibidi alie, wala hakuhitaji kujilazimisha. Kisha akawaambia mzee amemchukua somo wake, ili ajiongezee siku."

Kalamu ilisimama. Barazani kisu cha mama yake nacho kilisimama. Neno lile halikuwa kwenye skripti. Kwenye skripti kulikuwa na ng'ombe. Nelly alitazama alichoandika, maji, magoti, mara nne, wawili tu, wasimwambie mtu, alie kwanza, na mwili wake ukapoa kuanzia vidoleni, kwa joto lile la saa tisa za Malindi. Alitaka kumwambia baba yake anyamaze. Alitaka sana.

"Niliyasema Jumapili, matangani kwa jirani kule Ganze, na gari nilikodi la Jumamosi," alisema Kahindi. "Nilijua watamwambia ahame. Hawatafanya zaidi, wanamjua tangu utotoni. Watamwambia ahame, nitafika Jumamosi, nitawapakia wote wawili. Chumba nilikuwa nimekipaka rangi. Wakaja Alhamisi."

Jirani alikuwa akipiga nguo kwenye jiwe, na ule mpigo ulisikika hadi ndani. Nelly hakujua amtazame nani. Alikuwa na miaka ishirini na sita, na baba huyu ndiye aliyemwosha majeraha, aliyemlipia shule kwa mikono yenye kutu, aliyemfundisha kwamba mtu akikosa asimame aseme. Na sasa alikuwa amesema, na Nelly hakutaka kusikia hata neno moja zaidi.

Easter aliingia kutoka barazani, kisu bado mkononi, maganda ya muhogo kwenye khanga. Hakuwa na hasira usoni. Alikuwa na uso wa mtu aliyeamshwa ghafla asijue yuko wapi.

"Ulimtumia Lewis," alisema.

"Nilihitaji kitu ambacho hakuna mtu angethubutu kuniuliza, mama Nelly. Nani atamwuliza mtu aliyefiwa?"

Easter aliweka kisu juu ya meza, taratibu sana, kana kwamba meza ina mtoto aliyelala. Kisha akatoka kupitia mlango wa nyuma. Walimsikia akifungua mfereji wa uani, na maji yakamwagika kwa muda mrefu bila ndoo yoyote kuwekwa chini yake.

Mzee Mangi hakuwa ameondoa miguu kwenye kigoda. Nelly alisubiri alie, atukane, amlaani mwanawe kwa baba zake. Alichouliza kilikuwa kidogo.

"Mama yako alikwambia amechoka?"

"Aliniambia, baba."

"Mimi pia aliniambia," alisema mzee. Akatazama miguu yake iliyovimba. "Nikamwambia maji yako mbali kwa kila mtu."

Baada ya hapo mzee alikata shauri, na hakuna aliyekuwa na nguvu ya kumpinga. Maneno yale yametoka mdomoni mwa Kahindi, basi Kahindi ayarudishe pale pale alipoyatoa, mbele ya wale wale. Yeye mwenyewe atakuwapo. Akiisha kusemewa kweli, atakaa kwake. Habari ya filamu tena ya nini? Nelly aliposikia hivyo, katikati ya fadhaa yake yote, matumaini yalimchipuka, na akajionea aibu kwa kuyaona. Lakini ndivyo ilivyokuwa. Sasa nguzo iliyokosekana ilikuwa imepatikana, mwenye kosa ana uso, na mzee angerudi nyumbani.

Walikwenda Jumanne. Easter alikataa kwenda na hakusema neno na mumewe. Walikuwa watatu na dereva, na kuanzia Kilifi kwenda juu, kijani kikawa kinapungua mpaka ikabaki miti ya miiba na mahindi yaliyokauka yakiwa ya kufika gotini. Njiani walipishana na wanawake na mitungi. Kahindi aligeuza uso kila walipopishana nao.

Kaingu aliwapokea kwa mashaka. Alikuwa amezeeka kuliko kaka yake mkubwa. Kahindi alimvuta kando, akamweleza, na Nelly akaona mikono ya baba yake mdogo ikipanda kichwani. "Miaka minne nimesemwa mimi," ndilo jambo pekee alilosikia. Kaingu hakupiga kelele wala hakumgusa kaka yake. Alikwenda kuwaita majirani, na kwa sababu mzee Mangi kuonekana tena kijijini hakukuwa jambo dogo, watu walikuja wengi, wakasimama mbali kidogo, wanawake wakiwashika watoto wao mikono.

Mzee alikuwa ameketi kwenye kiti mbele ya kifusi cha nyumba yake. Nyuma ya kifusi lilikuwa kaburi la Mbodze, na la Lewis kando yake. Aliwasalimia watu kwa majina. Wachache walimjibu kwa shikamoo ya sauti ya chini, wakitazama ardhi.

Kahindi alisimama akasema. Alisema vibaya, maskini. Alianza na Jumamosi, akarudi kwenye maji, akaruka kwenye malaria, akalia, akaomba msamaha kabla ya kusema alichofanya. Nelly, ambaye miezi mitatu alikuwa akifundishwa jambo lipi lije kabla ya lipi, alikuwa akikunja vidole kwa uchungu. Lakini mwishowe ilisemwa yote, mbele ya jua: kwamba mzee hakumgusa mtoto, kwamba mtoto aliuawa na malaria, kwamba ule uchawi aliutunga yeye Kahindi, peke yake, akiwa na akili zake, na kwamba damu ya mama yake iko mikononi mwake.

Kisha akasogea mbele Laban, mtu mzima, seremala, mwenye sura ya upole. Alikuwa mmoja wa wale wawili wa matangani. Nelly alimwona macho yamejaa machozi na akadhani mambo yamekwisha, kwamba anakuja kumshika mzee mkono.

"Kahindi ndugu yangu," alisema Laban, "siku ile ulilia kifuani kwangu. Shati langu lililowa. Hakuna baba anayemsingizia marehemu mwanawe. Baba wa namna hiyo hayuko duniani. Ulichosema siku ile kilikuwa kweli, na unachosema leo si wewe unayesema."

Kisha akamgeukia mzee, na Nelly akaona kwamba yale machozi yalikuwa ya woga.

"Mzee Mangi, mjukuu umemchukua. Mkeo umemchukua. Sasa umemshika mwanao ulimi, anajibebesha dhambi zako mbele za watu. Tunakuomba kwa heshima. Mwachie."

Sauti ilipita katikati ya watu, si ya hasira, ya watu wanaokubaliana. Wakarudi nyuma hatua moja, wote kwa pamoja. Mama mmoja alimfunika mwanawe kichwa kwa leso. Kahindi alipiga kelele kwamba ni kweli, ni kweli, wallahi ni yeye, Mkristo yule akaapa kiapo ambacho si chake, na kadiri alivyozidi kupiga kelele ndivyo walivyozidi kumhurumia. Mwanamke mmoja alilia kabisa akisema mtazameni, mtazameni anavyoteswa.

Nelly alitaka kusema. Alisogea, akafungua mdomo, akatafuta pa kuanzia. Hakupapata. Ilimjia pale, akiwa amesimama kwenye vumbi, kwamba hadithi aliyoitunga baba yake ilikuwa na kila kitu. Mzee anayetaka kuishi. Mtoto mwenye jina lake, ambaye ndiye bei. Shahidi mwenye machozi ya kweli, ambaye hakuna awezaye kumwuliza. Yeye alikuwa amehangaika miezi mitatu kuipata hadithi kama ile, na baba yake, fundi wa mifereji, aliipata siku moja matangani kwa kumpenda mama yake. Watu hawa walikuwa wameishi ndani yake miaka minne. Waliichomea nyumba. Kuiacha leo kungewafanya wauaji wa mwanamke asiye na kosa, na hakuna aliyekuwa tayari kwenda kulala na hilo. Akashika mgongo wa kiti cha babu yake.

Kaingu ndiye aliyewatoa. Alisema kwa sauti ya wote kusikia kwamba mzee anaondoka, na kwa sauti ya chini, kwa Nelly, kwamba wafanye haraka. Macho yake yalisema kwamba anajua kaka yake amesema kweli. Lakini yeye angebaki pale wao wakienda, na wanawe walichota maji kisima kimoja na watoto wa Laban. Alimshika baba yake kwapani mpaka kwenye gari, mbele ya watu, na huo ulikuwa ujasiri wake wote. Mzee aliomba apitishwe kaburini. Kaingu akasema si leo, baba.

Gari liliondoka. Hakuna aliyerusha jiwe, na pengine lingerushwa ingekuwa nafuu. Nelly alikaa nyuma na babu yake. Mbele, kando ya dereva, Kahindi alikuwa ameinamia magoti, mabega yakitikisika bila sauti. Walikwenda hivyo mwendo mrefu. Nelly aliwaza kwamba sasa babu ataongea, atasema lile neno ambalo baba amelistahili, na angetaka alisikie kwa ukali wake wote ili limalizike.

Mzee Mangi alinyoosha mkono, akauweka juu ya bega la mwanawe.

"Uliitunga vizuri mno, Kahindi," alisema. "Miaka minne hii, mimi mwenyewe nimekuwa nikijiuliza kama sikumuua yule mtoto."